Mwanafunzi wa udaktari kijijini milimani: mwongozo wa fildi ya afya ya jamii Usambara

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa udaktari aliyepangiwa fildi ya afya ya jamii katika kijiji cha juu kabisa, kule ambako gari hufika kwa kudra na mtandao wa simu hupatikana kwenye jiwe fulani tu. Nimeuandika nikiifikiria Usambara ya Magharibi, milima inayoanzia Mombo kwenye barabara kuu ya kwenda Arusha, ukapanda Soni, Lushoto, kisha Lukozi, Mlalo hadi Mtae. Anayekwenda Upare, Uluguru au Uporoto naye atapata cha kuchukua.

Nimefanya kazi kwenye zahanati za huku na nimepokea wanafunzi. Ninaowakumbuka kwa wema ni wale walioelewa mapema kwamba zahanati ilikuwepo kabla yao na itabaki baada yao. Walijiunga na kazi waliyoikuta, wakajifunza kwa walioko, na kila walichokusanya kwa wanakijiji wakakirudisha kwa wanakijiji. Ukishika hilo, mengine yote humu ni namna ya kulitekeleza.

1. Maandalizi yanaanza miezi kabla ya safari

Anza na kinga yako. Chanjo ya homa ya ini B hutolewa kwa dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu ikitimia miezi sita. Ukisubiri wiki ya kuondoka, utapanda mlima ukiwa na dozi moja tu mwilini. Kama chuo hakijakupa, idai.

Tazama na kalenda ya mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na Usambara mvua ndogo haikosekani hata nje ya misimu hiyo. Barabara za udongo mwekundu zikilowa, bodaboda hazipandi na magari ya mboga hulala njiani. Ukifika kipindi hicho, panga ziara za vitongoji vya mbali mwanzoni mwa fildi, usiziache wiki ya mwisho.

Begi lako liwe jepesi kwa sababu utalibeba. Mabuti ya mvua, koti la mvua, sweta nzito (Juni na Julai baridi huku ni ya kweli), tochi ya kichwani, pawabenki au paneli ndogo ya sola, madaftari mawili yenye jalada gumu. Vifaa vya kazi: stetoskopu, mashine ya presha ya mkono, kipimajoto, glavu, utepe wa MUAC wa kupimia mzingo wa mkono wa mtoto ili kujua kama ana utapiamlo, na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Hiyo saa usiisahau. Simu inaishiwa chaji siku unayoihitaji.

Dawa za kugawa usibebe. Najua moyo unakusukuma, na nyumbani watakuchangia hata maboksi. Dawa isiyopita kwenye leja ya zahanati haina wa kuifuatilia mgonjwa akipata madhara, na ukiondoka watu watamdai tabibu "zile dawa za yule daktari wa Dar". Kama umepata msaada, ukabidhi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, yeye anajua pa kuupeleka.

2. Ripoti kwa ngazi, usiruke

Barua ya chuo iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na Mganga Mkuu wa Wilaya. Kutoka hapo utapewa barua ya kwenda kata, kwa Mtendaji wa Kata, naye atakupeleka kwa Mtendaji wa Kijiji na Mwenyekiti wa Kijiji. Kisha zahanati, kwa mganga mfawidhi, yaani anayeisimamia. Toa nakala za kutosha ukiwa bado mjini, maana huku mashine ya fotokopi ni safari ya siku nzima. Kama una utafiti wa kuandikia ripoti ya chuo, kibali cha maadili kiwe mkononi kabla ya kumuuliza mtu yeyote swali la dodoso.

Kwa Mwenyekiti usiende umesimama. Kaa, salimia, eleza umetoka wapi, utakaa muda gani, utalala kwa nani. Kisha muulize Mkutano Mkuu wa Kijiji unaofuata ni lini. Kwa sheria hukutana angalau kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe. Andika tarehe hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari lako, kwa sababu ndipo utakaposimama kutoa matokeo. Kama mkutano unaangukia baada ya wewe kuondoka, omba mapema ukutane na Halmashauri ya Kijiji au mikutano ya vitongoji.

3. Siku za mwanzo: soma vitabu vya zahanati

Wanafunzi wengi hufika na kutaka kuanza kuzunguka nyumba kwa nyumba asubuhi ya pili. Tulia kwanza. Keti zahanati na vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya: kitabu cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha watoto, cha uzazi. Ndani yake mna miaka ya kazi iliyoandikwa kwa mkono na watu wawili watatu wasiolala vya kutosha.

Chukua miezi 12 iliyopita. Orodhesha magonjwa yanayoongoza mwezi kwa mwezi. Utaona nyumonia ya watoto inapanda na baridi, kuhara kunapanda na mvua za kwanza, majeraha yanapanda msimu wa kupasua mbao au kuvuna. Halafu fanya jambo moja ambalo zahanati yenyewe mara nyingi haina nafasi ya kulifanya: panga wagonjwa kwa kitongoji. Kitabu kina safu ya makazi. Hesabu kila kitongoji kimeleta wagonjwa wangapi, wajawazito wangapi, watoto wangapi wa chanjo.

Sasa tafuta kitongoji ambacho hakionekani. Kila kijiji cha milimani kina kimoja, ng'ambo ya korongo au nyuma ya msitu, chenye kaya nyingi lakini kitabuni kina majina machache kwa mwaka mzima. Watu wa kule wanaugua kama wengine. Hawafiki tu. Huko ndiko miguu yako michanga inahitajika, na swali la fildi yako nzima linaweza kutoka hapo: wanakwama wapi?

Wakati huohuo fanya kazi za kawaida. Pima uzito wa watoto siku ya kliniki, jaza kadi, panga foleni, fagia. Muuguzi mkunga akiona unashika ufagio bila kuambiwa, atakuita usiku mama akija kujifungua, na hapo utajifunza ambacho chuoni hukupata nafasi ya kukiona kwa sababu mlikuwa wanafunzi kumi kwenye kitanda kimoja.

4. Wewe ni mwanafunzi: liseme kila mara

Watakuita daktari kuanzia siku ya kwanza. Mzee atakusimamisha njiani akuonyeshe mguu, mama atakuletea mtoto nyumbani unakolala. Jibu liwe moja: "Mimi ni mwanafunzi, twende wote zahanati." Sema hivyo hata kama jibu la ugonjwa unalijua. Ukimtibu mmoja njiani, umewafundisha watu kwamba kuna njia ya mkato, na siku utakapokosea hakuna kumbukumbu wala mtu wa kukushika mkono.

Usitoe dawa peke yako, usichome sindano bila msimamizi, usimzalishe mama peke yako kwa sababu mkunga amelala. Mwamshe. Dharura ikikukuta mahali hakuna mtu mwingine, fanya yale ya kuokoa maisha uliyofundishwa, huku umeshamtuma mtu kuita msaada.

Ukijichoma na sindano iliyotumika, osha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, usiminye wala kusugua kidonda, mwambie mfawidhi saa hiyohiyo. Dawa za kinga ya VVU, yaani PEP, zinatakiwa kuanza haraka iwezekanavyo na zisipite saa 72. Kutoka kijiji cha juu hadi kituo chenye dawa hizo ni safari, kwa hiyo uliza siku ya kwanza zinapatikana wapi.

Siri nayo. Kijiji ni kidogo, na "mama mmoja wa kitongoji cha juu mwenye watoto pacha" ni jina kamili. Wapo wanaotumia dawa za kufubaza VVU wanaoshuka hadi kliniki ya mbali kusudi wasionekane na majirani. Ukikutana na mmoja huko mjini, usimsalimie kwa kumwita jina mbele za watu mpaka yeye aanze. Picha za wagonjwa hazipigwi na wala haziendi kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata ukiwa umeziba uso.

5. Kutembelea kaya

Usitembee peke yako. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA, ndiye mwenyeji wako. Anajua nani amefiwa, nani hapatani na nani, na nyumba ipi ina mtoto mchanga ambaye bado hajatimiza arobaini, ambako mgeni huenda asikaribishwe ndani. Wazee wengine wanazungumza Kisambaa tu, na yeye ndiye mkalimani. Mpe heshima yake mbele ya watu, asiwe mbeba begi.

Asubuhi watu wako shambani. Kaya utazikuta kuanzia saa kumi jioni, au siku isiyo ya shamba. Siku ya gulio nyumba zimebaki na watoto. Ijumaa mchana ni swala, Jumapili asubuhi ni ibada. Fuata ratiba yao.

Piga hodi, subiri, "shikamoo" kwa kila aliyekuzidi. Ukipewa kigoda kaa, ukipewa chai au ndizi onja. Kisha eleza ulichofuata na uombe ruhusa, na akikataa, shukuru uondoke kwa uso uleule uliokuja nao. Maswali yawe machache na yawe ya maisha ya mtu. Badala ya kuuliza "je, mnatumia maji safi na salama?", uliza maji ya leo yametoka wapi, nani ameyachota, yamewekwa wapi, mtoto ameyanywa kwa kikombe kipi. Mtu hujibu kwa kukuonyesha, na macho yako yatakupa mengi kuliko dodoso.

Usianze kwa kukosoa. Mama akikwambia kwamba alianza na dawa ya mitishamba, andika ni ipi, alimpa mtoto kiasi gani, lini. Ni taarifa ya kitabibu. Waganga wa tiba asili wanatambuliwa kisheria tangu 2002, na wengi kijijini huwaendea kwanza. Nenda uwasalimie pamoja na WAJA. Unachotaka kwao ni kitu kimoja: mtoto anayepumua kwa shida, mwenye degedege au mama anayetokwa damu wasimkawize. Ukiwaendea kwa adabu watakusikia.

6. Vitu vya kuangalia kwa makini huku juu

Vitabu vyako vimeandikwa kwa ujumla. Milima ina mambo yake.

Nyumonia ya watoto ndiyo ya kwanza. Jiko la mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha, kuni mbichi, baridi, na mtoto amebebwa mgongoni kwa mama anayepika. Kuhesabu pumzi kunaonekana kazi ndogo, na ndiko wengi wanakoharibu. Mtoe mama na mtoto wakae mlangoni penye mwanga. Mtoto asiwe analia wala ananyonya. Akiwa analia, subiri, ongea na mama mambo mengine. Mwombe mama anyanyue nguo ya mtoto hadi kifua na tumbo vionekane. Tazama sehemu moja inayopanda na kushuka, shika saa, hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, ni 40. Kisha angalia chini ya mbavu: akivuta pumzi, je, kifua kinabonyea ndani? Na kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea hazinduki vizuri, hiyo si kesi ya kuandika daftarini. Safari ya zahanati inaanza sasa hivi, na wewe unaandamana nao.

Homa inahitaji swali moja ambalo wanafunzi wa mjini hawalijui: "Ulishuka nyika (bondeni) hivi karibuni?" Kadiri unavyopanda, malaria hupungua kwa sababu ya baridi. Lakini watu wa juu wana mashamba ya mahindi na mpunga bondeni, wanalala huko wiki kadhaa, kisha wanarudi na homa. Na kwa kuwa hawajazoeana na malaria kama watu wa bondeni, ikiwapata huwa kali, hata kwa mtu mzima mwenye nguvu. Kipimo cha haraka kifanyike zahanati kwa kila mwenye homa, na jibu la safari ya nyika liandikwe.

Homa pamoja na uvimbe wenye maumivu makali kinenani au kwapani, yaani mtoki, Lushoto haichukuliwi kwa wepesi. Kuanzia 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000 tauni ilirudi mara kwa mara kwenye vijiji vya wilaya hii, ikiletwa na viroboto wa panya. Wazee wanaikumbuka kwa majina ya waliozikwa. Ukiona mtoki wenye homa, au ukisikia panya wanakufa ovyo majumbani, mfawidhi aambiwe siku hiyohiyo naye ataarifu wilaya.

Sumu za kilimo. Usambara inalisha masoko ya mjini kabichi, nyanya, hoho na karoti, na dawa hupuliziwa kwa bomba la mgongoni, mara nyingi bila kinga ya mdomo wala glavu. Kijana akiletwa anatokwa jasho na mate, anatapika, tumbo linasokota, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, uliza alikuwa anapulizia nini. Avuliwe nguo, aoshwe mwili kwa maji mengi na sabuni, wewe ukiwa na glavu, na apelekwe haraka pamoja na chupa ya dawa aliyotumia. Kwenye kaya angalia chupa tupu zimetumika kwa nini. Nimekuta zimewekewa mafuta ya taa, na nimekuta zimewekewa maji ya kunywa.

Kwa watoto wachanga adui mkubwa ni baridi. Joto la mtoto linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Fundisha kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, na kutomwogesha kabla ya saa 24. Bibi wa nyumba ndiye wa kuelimishwa hapa, maana yeye ndiye anayeogesha.

Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo unaotokana na upungufu wa madini joto, bado utaliona kwa baadhi ya akina mama wa umri mkubwa. Uliza chumvi inanunuliwa wapi na inawekwaje. Chumvi yenye madini joto ikiachwa wazi karibu na moto hupoteza faida yake, kwa hiyo chombo chenye mfuniko ni ushauri mdogo wenye maana.

7. Pima njia ya mama mjamzito, kwa miguu yako

Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu, fanya hili.

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaoua mama wajawazito: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ulijibu swali hilo kwenye mtihani. Hapa utalitembea.

Nenda kwenye kile kitongoji kisichoonekana kitabuni. Pamoja na WAJA na mama mmoja aliyewahi kubebwa kwenye njia hiyo, anzeni mlangoni mwa nyumba ya mwisho kabisa na mshuke hadi zahanati, kisha hadi hospitali inayopokea rufaa. Andika saa kila mahali hali inapobadilika. Njia ya mguu ya machela inaishia wapi? Bodaboda inaweza kufika hadi jiwe lipi wakati wa kiangazi, na hadi lipi wakati wa masika? Daraja la miti lipo wapi, na likisombwa watu wanapita wapi? Mtandao unashika mahali gani hasa, na kwa kampuni ipi? Nani ana machela, imefungwa kwa nini, na vijana wanne wa kuibeba usiku ni akina nani?

Fanya mara ya pili usiku, ukiwa na wenyeji. Utaelewa kwa nini mama aliyeanza uchungu saa tatu usiku alifika zahanati alfajiri.

Kisha kaeni na Mwenyekiti wa Kitongoji, akina mama, na waume zao. Waume wawepo, kwa sababu uamuzi wa kuondoka na fedha ya kuondokea mara nyingi viko kwao, na mume akiwa nyika, kwa mama mkwe. Tokeni na majibu yaliyoandikwa: nani anaamua kama mume hayupo, nani anapigiwa simu kwanza, dereva gani wa bodaboda amekubali kuamshwa usiku, fedha ya dharura inatoka kikoba kipi. Namba 115 ya m-mama, isiyotozwa, iandikwe ukutani zahanati, dukani na mlangoni kwa WAJA. Ndiyo inayoita gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye dharura. Hakikisheni wote wanajua pia pa kusimama ili simu ipate mtandao.

Dalili za hatari zirudiwe mpaka mtoto wa shule azitaje: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maji kutoka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa mama anayekaa mbali sana, au aliyewahi kupasuliwa, zungumzeni ashuke wiki mbili tatu kabla ya tarehe akakae kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Jina la ndugu huyo liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki.

8. Kazi moja ndogo iliyokamilika

Chuo kitakutaka mradi. Chagua kitu ambacho kijiji kinaweza kukitengeneza tena bila wewe wala mfadhili. Ule mpango wa usafiri hapo juu unatosha kuwa mradi. Kama muda unaruhusu kingine, kibuyu chirizi cha kunawia mikono ni chaguo zuri kwa shule na vyoo vya kaya: dumu la lita tano, tundu dogo lililotobolewa kwa msumari wa moto karibu na mdomo, kamba ya kulining'iniza kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo, kamba nyingine kutoka shingoni hadi kijiti cha kukanyaga kwa mguu, na sabuni iliyofunikwa kwa kifuu isiyeyushwe na mvua. Waachie watoto wa darasa la tano watengeneze wenyewe mbele yako. Rudi baada ya siku chache uone kama yana maji, na kama hayana, uliza kwa nini kabla ya kutengeneza mengine.

9. Rudisha ulichokusanya

Usiondoke na daftari lililofungwa. Watu wamekupa muda wao na habari za nyumba zao, na haki yao ni kusikia kilichopatikana.

Kwanza waonyeshe watumishi wa zahanati, faraghani. Kama umekuta pengo katika kazi yao, hapo ndipo pa kulisema, nao watakueleza sababu ambazo huenda hukuziona. Kisha Mkutano Mkuu. Zungumza dakika kumi na tano, kwa Kiswahili cha kawaida, WAJA akitafsiri kwa Kisambaa. Chora ramani ya kijiji kwenye karatasi kubwa, vitongoji vyote, na saa za kutembea kutoka kila kimoja hadi zahanati. Usitaje mtu wala kaya. Sema mambo matatu, si kumi: tulichokikuta, kinachoweza kufanywa na sisi wenyewe, kinachohitaji wilaya. Halafu nyamaza uwaache wabishane. Kama wataamua kurekebisha daraja kwa nguvu za wananchi, mtendaji ataandika kwenye muhtasari, na muhtasari huo una nguvu kuliko ripoti yako.

Nakala ya ripoti iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nyingine ibaki zahanati, nyingine kwa mtendaji. Iwe fupi.

Mwisho, andika karatasi moja ya makabidhiano kwa mwanafunzi atakayefuata na umwachie mfawidhi: vitongoji ulivyofika na ambavyo hukufika, kaya za wajawazito zinazofuatiliwa (kwa namba za kliniki, si majina), hali ya kila sehemu ya ile njia, madereva waliokubali kuamshwa usiku na waliojitoa, tarehe ya mkutano ujao wa kijiji, mambo yaliyoahidiwa na nani aliahidi. Ongeza chini yake wapi pa kulala, nani wa kumsalimia kwanza, na jiwe lenye mtandao.